Kichwa cha Bati cha Papa Salehe

Nilitoka Kisangani kwenda Kindu kwa ajili ya kitu kinachoenea kiganjani. Ni kichwa cha sauti cha gramafoni ya babu yangu: kikopo cha duara chenye kiwambo chembamba ndani, ambacho hukaa mwisho wa mkono wa mashine. Sindano inapopita katika mifereji ya santuri, kiwambo hutetemeka, na mtetemo huo hutoka kwenye pembe ukiwa sauti ya mtu. Bila kichwa, gramafoni ni sanduku la kuzungushia sahani, basi.

Kichwa hicho kilikaa kwetu Kisangani tangu miaka ya vita, mbali na mashine yake. Siku mama yangu alipoondoka Kindu, akiwa na mimba yangu, babu alikifungua kwa bisibisi akakifunga kwenye pindo la kitenge chake. "Mashine bila mudomo hakuna mwizi anabeba," alimwambia. Ilikuwa kweli. Watu wenye silaha waliingia nyumba ya babu mara mbili, wakachukua redio, cherehani na magodoro. Gramafoni waliijaribu, haikusema neno, wakaiacha. Babu hakuuona mwisho wa vita. Mashine ilibaki kwa dada mkubwa wa mama, Mama Mukubwa Zaina, na mume wake Papa Salehe, fundi wa baiskeli. Papa Salehe naye alifariki miaka miwili iliyopita. Mimi sikuwahi kumwona.

Mwezi huu Mama Mukubwa alituma sauti kwa simu. Binti yake Sifa anaolewa Jumamosi. Gramafoni imelia katika kila arusi ya nyumba ile, na hii pia lazima ilie, lakini sasa ufunguo wake unateleza na sahani inazunguka kama inasinzia. "Amina," alimwambia mama, "mutume mutoto wako, ule wa kutengeneza." Mama akafungua sanduku lake, akanipa kichwa cha babu. Akasema kirudi kwa wenyewe.

Niseme ukweli kuhusu mimi kabla hatujaanza safari. Mimi ni Riziki, fundi niliyejifundisha mwenyewe, kwa kuangalia video kwenye simu na kufungua redio zilizotupwa. Sikuwahi kukaa chini ya fundi mwingine, na kwa hiyo ninaogopa kila siku kwamba kuna jambo dogo ambalo mafundi wote wanalijua isipokuwa mimi. Hofu hiyo imenifanya mtu mgumu. Skrubu ninazipanga kwenye trei ya mayai na kuziandikia namba. Saa ya ukutani ya jirani niliifungua mara nne, baada ya kupona, hadi jirani akauliza kama nina ugomvi nayo. Na nilikuwa na sheria moja: kipande kilichokufa kwenye mashine ya zamani kirithiwe na kipande cha wakati ule ule, cha aina ile ile. Hapana plastiki, hapana gundi ya kisasa. Kichwa cha babu kilikuwa na makosa mawili. Kiwambo chake cha ulanga kilikuwa kimepasuka, na skrubu ndogo inayobana sindano ilikuwa imepotea msituni pamoja na viatu vya mama.

Jumapili asubuhi niliondoka kwa pikipiki ya Kambale, mfanyabiashara wa Butembo anayepeleka vipuri Kindu. Nyuma alikuwa amefunga matairi, juu ya matairi nilikaa mimi, na kifuani nilikumbatia kopo la maziwa lenye kichwa cha babu ndani ya pamba.

"Yaya," aliniita, yaani dada, tulipofika kizuizi cha kwanza, "unabeba yai?"

"Nabeba kichwa."

Alipowasha tena pikipiki alikwenda polepole, akitazama kando ya barabara. Nilipomweleza ni kichwa cha nini, alishusha pumzi akasema nianze na maneno hayo siku nyingine, kwa sababu alikuwa ameanza kutafuta mahali pa kunishusha.

Tulilala Lubutu. Jumatatu barabara iligeuka mfereji wa matope mekundu, na mara tatu nilishuka nikatembea huku Kambale akisukuma na kuisema pikipiki kwa Kinande. Mchana tulifika machimbo ya kasiteriti, mawe ya kutolea bati, upande wa Punia. Hapo ndipo nilipokuwa napataka. Video zinasema kiwambo cha gramafoni kama ile ni ulanga, lile jiwe linalobanduka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu, na mimi nilikuwa nimesoma kwamba kasiteriti na ulanga hukaa pamoja ardhini. Kisangani nilikuwa nimeshauriwa kukata kiwambo kwenye picha ya eksirei, ambayo ni plastiki. Sikulala usiku ule kwa kukasirika.

Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye maji hadi magotini akiosha mchanga wa madini. Nilimwonyesha kipande kilichopasuka.

"Hii?" alisema kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo njo ni ndiyo. "Hii njo tunatupa. Angalia kule."

Nyuma yake palikuwa na lundo linalong'aa juani, ulanga mtupu, mabamba mengine makubwa kuliko uso wangu. Nilipiga magoti nikaanza kuchagua. Nilichagua kwa muda wa saa nzima. Wachimbaji waliacha kazi wakaja kuangalia.

"Wantu wanatoka mbali kutafuta mali," yule mama aliwaambia, "huyu ametoka Kisangani kutafuta takataka. Na anachagua!"

Niliondoka na mabamba sita. Kambale aliniuliza kama yote sita ni ya kichwa kimoja. Nilimwambia moja ni la kazi na matano ni ya wasiwasi.

Jumanne mvua ilitukuta Kailo, tukajikinga kwenye mgahawa wenye meza moja. Nilikula wali na sombe, yale majani ya muhogo, kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukishika kopo. Alasiri ilipoelekea jioni tulifika Alunguli, ng'ambo ya Kindu, na Lualaba ukawa mbele yetu, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Pikipiki, matairi na sisi tuliingia kwenye mtumbwi wa mota. Katikati ya mto nilifikiri kwamba kopo langu likianguka hapa, basi, na nikalifunga kwenye kitenge changu, pindo mara mbili. Ndipo nilipotambua kwamba kichwa kile kilikuwa kinavuka mto kurudi jinsi kilivyovuka kwenda.

Mama Mukubwa Zaina alinipokea mlangoni. Ni mama yangu akiwa mfupi zaidi na mwenye sauti kubwa zaidi.

"Njo weye mutoto wa Amina? Umekonda hivi! Kisangani chakula kimeisha?"

"Shikamoo, Mama Mukubwa."

"Marahaba, mutoto wangu. Ingia. Usikanyage pilipili, iko chini."

Uani wanawake walikuwa wanachambua mchele wa arusi kwenye nyungo. Bibi arusi mwenyewe, Sifa, alikuwa kati yao, mrefu, mcheshi, mikono imejaa pumba. Tuna umri mmoja. Aliponiona tu akasema, "Umekuja kututengenezea Mupangaji?"

Sikuelewa. Wakanieleza kwa zamu, wakikatizana. Santuri ilikuwa moja tu iliyosalia vitani, mwanamume mmoja na gitaa lake. Karatasi ya katikati imefutika na hakuna anayejua jina lake. Kwa kuwa amekaa katika nyumba ile miaka yote, anaimba anapotaka na hajawahi kulipa kodi, walimwita Mupangaji.

"Lakini aliimbaje?" niliuliza. "Kichwa tulikuwa nacho sisi."

Mama Mukubwa akaenda kwenye kona ya sebule, akaondoa kitambaa cha kufumwa juu ya gramafoni. Mwisho wa mkono wa mashine palikaa kitu ambacho, Mungu anisamehe, nilitamani kukifunika tena. Kilikuwa kikombe cha kengele ya baiskeli. Mdomo wake umefungwa kwa duara la bati lililokatwa kwa mkono, ukingo umezibwa kwa kipande cha tyubu, na katikati, kwa nta ya nyuki, kimeshikizwa kijiti cha spoki kilichonyooshwa kwa nyundo.

Papa Salehe alikitengeneza vita ilipokuwa mbaya zaidi, alisema Mama Mukubwa. Treni haikuja tena, hakuna aliyetoka mjini, na yeye alikuwa amejifungua Sifa. Bati lilitoka kwenye kopo la mafuta ya msaada. Walikuwa wanasokomeza blanketi ndani ya pembe ili sauti isifike barabarani, na watoto wa mtaa wote walikaa kuizunguka mashine wakisikiliza mtu anayeimba chini ya blanketi. "Sifa alijifunza kutembea mbele ya ile kitu," alisema. "Yeye hakuogopa mabomu, aliogopa tu wakati inanyamaza."

Niliitikia kwa heshima. Moyoni nilikuwa nahesabu makosa.

Jumatano nilifanya kazi tangu alfajiri. Nilitoa kamani, ule utepe mrefu wa chuma unaojizonga ukitiwa ufunguo, nikausafisha kwa mafuta ya taa hadi grisi iliyoganda kama lami ikatoka. Breki ya sahani ilikuwa kipande cha kandambili. Nilikibadilisha kwa sufu nzito niliyokata kwenye kofia ya zamani, kama kiwanda kilivyofanya. Sindano zilikuwa miiba ya mlimau, nikaziweka pembeni, nikatoa za chuma zangu. Kisha nikabandua ulanga kwa wembe ndani ya bakuli la maji, tabaka baada ya tabaka, mpaka nikaona vidole vyangu upande wa pili. Mabamba mawili yalipasuka. La tatu lilikubali. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuificha hata sasa.

Ilibaki skrubu. Nilikagua mashine yote. Nikaikuta kwenye kichwa cha bati: skrubu halisi ya kiwanda, akiba ya babu bila shaka, ikibana sindano kwenye kijiti cha spoki. Mama Mukubwa alikuwa amekwenda sokoni. Alikuwa amesema, "Tengeneza vile unajua." Kwa hiyo sikumuuliza. Nilifungua kichwa cha bati, nta ikavunjika, kijiti kikatoka, bati likatoka, na nilipopata skrubu yangu nikaweka mabaki yote juu ya ukuta mdogo wa mbele, nje, pamoja na kandambili na vitambaa vya grisi. Halafu nikafagia. Mimi ni mtu wa kufagia.

Alhamisi asubuhi nilialika watu wa nyumba. Nilikuwa nimevaa blauzi safi. Nilitia ufunguo, nikashusha sindano, na kutoka kwenye pembe akaja mwanamume ambaye hata mimi nilishangaa. Kila neno lilikuwa wazi. Pumzi yake ilisikika kabla ya ubeti. Nyuzi nene za gitaa zilikuwa za duara, nzito, kama mtu anagonga mlango kwa adabu.

Wanawake walisimama kucheza. Walianza vizuri, hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto. Kisha wote, kwa pamoja, wakainua mikono kama wanaotaka kupiga makofi, na wakabaki hivyo. Mikono hewani. Wakatazamana. Mmoja akageuka, mwingine hakugeuka, wakagongana mabega. Ubeti wa pili ikawa vivyo hivyo.

"Nini?" niliuliza. "Kasi si sawa?"

"Hakulia," alisema Sifa.

Ndipo nilipojua. Bati la Papa Salehe lilikuwa na ugonjwa: gitaa likipiga uzi mnene mwisho wa kila ubeti, bati lilikwaruza, krrr, kama mende kwenye kopo. Watoto wa vita walianza kupiga makofi kila likikwaruza na kujigeuza wakiangalia upande wa pili, kwa mchezo tu. Mchezo ukawa ngoma ya nyumba. Mabibi arusi wote wa ukoo wamegeuzwa na krrr ile. Mimi nilikuwa nimeiponya.

Mama Mukubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hakuwa amecheza, Sifa aliniambia hajacheza tangu mumewe afariki. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Ni muzuri," alisema. "Anasema muzuri sana. Huyu amesoma." Wanawake wakacheka. "Lakini hapana Mupangaji. Huyu ni muntu wa ofisi. Sasa mutoto wangu, umurudishe ule wa Papa Salehe. Sifa hana baba wa kumusindikiza Jumamosi. Nataka kazi ya mikono yake imusindikize."

"Ndiyo, Mama Mukubwa," nilisema. "Leo leo."

Nilitoka nje kwa mwendo wa kawaida, na nilipopita mlango nikakimbia. Ukutani palikuwa na kandambili na vitambaa. Kengele haikuwepo. Bati halikuwepo.

Sifa alinikuta nimekaa chini. "Uliweka wapi?" Nikamwonyesha ukuta. Akajishika mdomo. Katika mtaa ule, alinieleza, bati linalowekwa juu ya ukuta wa mbele ni la Papa Kondo, mtengeneza taa za mafuta. Si la kuomba. Ukimaliza nyanya za kopo, unaweka ukutani. Yeye anapita asubuhi, anachukua bila kupiga hodi, na nyumba yako ikikosa taa anakuletea. Kila mtoto anajua hivyo. Mafundi wote wanajua isipokuwa mimi.

Papa Kondo anakaa nyumba ya tatu. Tulimkuta chini ya upenu, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, taa ndogo zimepangwa mbele yake. Sifa alimsalimu na kumweleza. Papa Kondo akainua taa moja. Shingo yake, pale utambi unapopita, ilikuwa ya bati la zamani lenye alama ya herufi nusu.

"Njo hii," alisema. "Asubuhi hii nimeikata. Kengele iko na kijiti chake, hapana kazi nayo, chukua. Lakini bati..." Akanitazama. "Mutoto, weye njo fundi wa Kisangani?"

"Ndiyo, Papa."

"Na unaweka kazi ya Salehe ku ukuta?"

Nililia, kusema kweli, mbele ya taa zake zote. Yeye akawa anapangusa miwani mpaka nimalize. Kisha akanipa mabati yake yote nijaribu.

Tulijaribu alasiri nzima, hapo hapo kwake. Bati la nyanya lilitoa sauti ya mtu aliyeziba pua. La dagaa lilinyamaza kabisa. La maziwa ya unga lilikwaruza kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Sifa alicheka hadi akakaa. "Mabati ya leo ni karatasi," alisema Papa Kondo. "Ile ya msaada ilikuwa ngumu, ukiigonga inalia. Na sasa mafuta yanakuja ndani ya bido, haya madumu ya plastiki." Alifikiri. "Ku soko, Mama Feza wa muchele. Kipimo chake ni kopo la wakati ule."

Ijumaa asubuhi tulikwenda. Mama Feza alikuwa amekaa nyuma ya mlima wa mchele mweupe, na kopo lile lilikuwa mbele yake, kubwa, rangi imekwisha, mdomo umeng'aa kwa kushikwa. Nilipoanza tu kusema nahitaji kipande cha bati lake, alilivuta mapajani.

"Hii? Wantu wa Kindu wanajua hii kuliko sura yangu. Nikileta kingine kesho, watasema Feza amepunguza kipimo. Nitauzia nani? Weye?"

"Hapana kopo, Mama," alisema Sifa. "Tunaomba tu..."

Lakini hatukujua tunaomba nini. Mteja alikuja. Mama Feza alijaza kopo hadi likafurika, akachukua kitu bapa chini ya paja, akakipitisha juu ya mdomo wa kopo, shwaa, mchele wa ziada ukaanguka. Nikakiona. Kilikuwa mfuniko wa kopo lenyewe. Umepitishwa juu ya mchele miaka yote hiyo, asubuhi hadi jioni, hadi ukawa laini kama ngozi na mwembamba kuliko bati lolote nililoshika.

"Mama, ule mufuniko," nilisema. "Tunaomba huo, cha kupangusia usiwe na wasiwasi. Nitakutengenezea cha mti, kilichonyooka kabisa. Nitakipima."

Alinitazama vidole, vilivyojaa mikato ya wembe na bati. "Ni ya nini?"

Sifa akamwambia ni ya Mupangaji. Akamwambia ni kazi ya baba yake, na arusi ni kesho.

Mama Feza aliugeuza mfuniko mkononi. "Wakati wa vita," alisema, "miye na dada yangu tulikuwa tunakuja ku nyumba yenu kusikiliza. Chini ya blanketi. Nilifikiri yule muntu anaimba ndani ya shimo." Akanipa. "Cha mti kiletwe leo. Na kinyooke."

Nilikileta saa sita. Nilikuwa nimekipima mara tano.

Alasiri ile kwa Papa Kondo nilikata duara, nikalifunga kwenye kengele kwa tyubu, nikashikiza kijiti cha spoki kwa nta. Skrubu ya kiwanda niliirudisha mahali pake pa zamani, kwenye kichwa cha bati. Sufu ya kofia nayo niliitoa, nikarudisha kandambili. Sindano nikachagua mwiba wa mlimau. Ninaandika haya kwa aibu kidogo: mikono yangu ilikuwa inafanya kila kitu ambacho sheria yangu inakataza, na niliifanya kwa uangalifu ule ule, hadi nikajiona nang'arisha kengele ya baiskeli kwa majivu. Mwishoni tukajaribu kwa ubeti mmoja. Krrr ilikuwepo. Sifa alinikumbatia. Lakini mimi nilikuwa nimesikia: haikuwa mwisho wa ubeti. Ilikuja katikati, mapema, kwenye uzi mwingine wa gitaa. Nililegeza tyubu, nikakaza, nikaongeza nta, nikapunguza. Ilikataa kuhama.

"Acha," alisema Papa Kondo. "Ukizidi utapasua."

Hayo ni maneno ambayo nimeambiwa maisha yangu yote. Siku hiyo niliacha.

Jumamosi, baada ya ndoa kufungwa na watu kula, bafle za kukodi, zile spika kubwa, zilizimwa kwa muda. Uani palijaa. Sifa alisimama katikati na vitenge vyake vipya, mumewe pembeni, wanawake wa nyumba wamemzunguka. Mama Mukubwa alikuwa kwenye mkeka wake. Nilitia ufunguo. Nilishusha mwiba. Mupangaji akaanza, mwembamba, wa puani kidogo, kama anaimba toka chumba cha pili, na kelele ya furaha ikapanda: wamemtambua.

Hatua mbili kulia. Hatua mbili kushoto. Na katikati ya ubeti, mahali ambapo hakuna aliyengoja, bati likakwaruza.

Watu walisimama. Wanawake wazima waliocheza ngoma ile tangu utotoni walibaki na mguu mmoja mbele. Sifa alinitafuta kwa macho. Nilitamani ardhi ya Kindu inipokee.

Makofi yakalia nyuma yangu, mara mbili. Mama Mukubwa alikuwa amesimama. Alijigeuza taratibu, mkono mmoja kiunoni, akaangalia upande wa pili, akacheza hatua mbili kulia. "Salehe ako na mafua leo!" alipaza sauti. "Mumungojee wapi? Mumufuate!" Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Ubeti wa pili bati lilikwaruza mahali pale pale pa mapema, na safari hii watu wote waligeuka, vumbi likapanda. Wageni wa upande wa bwana arusi, wasiojua lolote, waligeuka vizuri kuliko wote.

Santuri ilipokwisha nilimfuata kwenye mkeka. Alikuwa anahema, anajipepea kwa ncha ya kitambaa.

"Mama Mukubwa, kuna kitu sikukuambia. Ile ya Papa Salehe miye njo nilipoteza. Niliiweka ku ukuta. Hii nimetengeneza miye jana."

"Najua."

"Sifa alikuambia?"

"Sifa? Alhamisi asubuhi nilisikia Kondo anagonga bati. Miye sijui sauti ya lile bati? Nimelala nalo miaka yote." Alinivuta nikae. "Nilijua kabla weye hujajua. Nilingoja nione kama utaniletea uongo wa dukani."

"Nisamehe."

"Sikiliza. Ile uliyoweka ku ukuta ilikuwa ya ine, imekaa sana hata wantu wamesahau zingine. Ya kwanza ilikufa na kutu, vita haijaisha. Ya pili Sifa aliitia jino. Kila mara Salehe anatengeneza ingine, kila mara inalia mahali pengine, na kila mara anakasirika siku mbili, hakuli. Anasema haiko sawa." Alinitazama kwa karibu, akaniondolea nta kwenye nyusi. "Ulikuwa unakula jana?"

Sikuwa nimekula.

"Basi," alisema, akamwita mtu alete sahani.

Jumatatu nilivuka Lualaba kurudi, nyuma ya Kambale, bila matairi safari hii. Kichwa cha babu kilikuwa kwenye kopo lake, na kiwambo kipya cha ulanga ambacho kimeimba mara moja tu. Mama Mukubwa alikataa kukipokea. Alisema aliyekitembeza kwa miguu hadi Kisangani ndiye mwenye haki nacho. Kambale aliniuliza kama nimefanikiwa. Nilimweleza yote, tangu Alunguli hadi tulipoipita Kailo, na alicheka hadi tukaingia kwenye tope.

Nimejifunza nini? Sheria yangu bado ninayo. Nikipata gramafoni nyingine kesho, nitatafuta ulanga, sio eksirei. Lakini nimeongeza kazi moja kabla ya bisibisi: ninamkalisha mwenye mashine, ninaiwasha jinsi ilivyo, hata kama inakoroma, na ninamwangalia yeye, siangalii mashine. Nikimwona anatabasamu kwenye kosa, kosa hilo siligusi mpaka nimemuuliza.

Nyumbani Kisangani mama alikuwa anamenya ndizi. Nilimrudishia kopo, akalishika bila kulifungua. Miaka yote hii, aliniambia, alidhani alimwacha dada yake na nyumba ya kimya, watoto, vita, na yeye ameondoka na sauti yote ndani ya kitenge. Nikamwambia kuhusu blanketi, kuhusu mende kwenye kopo, kuhusu watoto wanaogeuka.

"Walikuwa wanacheza?" aliuliza.

"Walikuwa wanacheza, mama."

Aliweka kisu chini. Alifuta mikono, akasimama katikati ya jiko, akaanza kuimba puani, polepole, wimbo ule wa nyumba ya babu, hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto, kisha akanitazama.

"Sasa nionyeshe," alisema. "Wanageukia wapi?"